Ajaili si ajali: maswali ambayo timu za Lubumbashi hutuuliza mara kwa mara

Mengi ya maswali haya tuliulizwa mlangoni, kikao kikiwa kimekwisha na watu wameshika mikoba yao, kwa sababu hapo ndipo mtu hutoa lililomkaa moyoni. Sisi ni watu sita, tunatengeneza programu hapa Lubumbashi, na tunasaidia wenzetu wanaotaka kubadili namna ya kufanya kazi: kampuni zinazohudumia migodi, shule, maduka ya dawa, wasafirishaji wa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Majibu ni yangu. Wenzangu wawili hawakubaliani na jibu la vyeti, na wana haki yao.

Ajaili ni nini, kwa maneno ya kawaida?

Ni kutengeneza programu kwa vipande vidogo, kila kipande kikifika mikononi mwa mtumiaji kabla hujazama kwenye kingine, ili habari mbaya ikufikie mapema, ingali na bei nafuu. Vikao, mbao za kazi, karata za kukadiria ukubwa wa kazi na vyeo vipya ni vyombo tu vya kulifanikisha hilo.

Jina, *agile* kwa Kiingereza, lilizaliwa Februari 2001, watu 17 walipokutana Snowbird, kwenye milima ya Utah huko Marekani, wakaandika tamko fupi lenye tunu nne, likafuatiwa na kanuni 12. Wanasema wanathamini zaidi watu na maelewano yao kuliko taratibu na zana, programu inayofanya kazi kuliko nyaraka nene, kushirikiana na mteja kuliko kuvutana juu ya mkataba, kuitikia mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Wengi huishia hapo. Tamko linaendelea: vile vya upande wa pili navyo vina thamani. Kwa hiyo mtu akikuambia "hatuandiki nyaraka, sisi ni ajaili", huyo ni mvivu aliyevaa tai.

Kwa kuwa ofisini kwetu kunatawala Kifaransa, wengi hapa hutamka "ajili". Kati ya ajili na ajali pana herufi moja, na nimeona timu zikiivuka bila kujua.

Njia ya zamani ina ubaya gani? Nyumba tunazijenga kwa mchoro na zinasimama.

Nyumba ukishaichora, ukuta hauji kesho kukuambia kwamba ulitaka kuwa dirisha. Programu hukaa juu ya mazoea ya watu, na mengi ya mazoea hayo wenyewe hawajui wanayo mpaka uyaguse.

Niseme kosa letu wenyewe. Miaka ya mwanzo tulipewa kazi ya programu ya ghala la vipuri, kwa kampuni moja inayohudumia migodi. Tukakabidhiwa ile hati ambayo ofisi zetu zote huiita *cahier des charges*, orodha ya yote anayotaka mteja: kurasa 74, kila ukurasa na sahihi pembeni. Tukajifungia miezi minane. Siku ya kuonyesha, wakubwa walipiga makofi. Wiki mbili baadaye watunza ghala walikuwa wamerudi kwenye daftari lao.

Zamu ya usiku pale huanza saa kumi na mbili jioni na kwisha saa kumi na mbili asubuhi. Programu yetu ilikuwa ikifunga siku saa sita usiku. Kipuri kilichotolewa saa saba usiku kilihesabiwa kwenye siku iliyofuata, na kila asubuhi hesabu ya mtunza ghala ilionekana kama ya mwizi. Katika kurasa 74, neno "usiku" halikuwemo. Aliyeandika hati alifanya kazi mchana, na sisi tuliosoma tulikuwa watu wa kulala usiku.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Andiko la Winston Royce la mwaka 1970, ambalo hutajwa sana kuwa asili ya njia ya hatua moja baada ya nyingine, lenyewe lilionya kwamba kuifuata hivyo, majaribio yakisubiri mwishoni, ni hatari na ni kukaribisha kushindwa. Watu walinakili mchoro, onyo wakaliruka.

Skramu, kanbani, XP: tuchague ipi?

Skramu ni ya Ken Schwaber na Jeff Sutherland, walioieleza hadharani mwaka 1995. Jina limetoka kwenye mchezo wa raga, kupitia makala ya Hirotaka Takeuchi na Ikujiro Nonaka ya mwaka 1986. Kazi hugawanywa katika sprinti, yaani vipindi visivyozidi mwezi mmoja, na ndani ya kila sprinti mna kupanga, kikao kifupi cha kila siku, kuonyesha kilichokamilika, na timu kujitazama. Kanbani imetoka viwandani kwa Toyota, kazi ya Taiichi Ohno, ikaingia kwenye programu miaka ya 2000. Haina lazima ya vipindi: una ubao wa kadi, kila kadi kazi moja, safu za hatua za kazi, na kikomo cha kazi zinazoruhusiwa kuwa wazi kwa wakati mmoja. XP (*Extreme Programming*) ya Kent Beck, iliyopikwa kwenye mradi wa mishahara wa Chrysler miaka ya 1990, inaangalia zaidi mikono ya mtengenezaji: majaribio, kuandika msimbo (maandishi ya programu yenyewe) wawili wawili, kuunganisha kazi za wote kila mara.

Mnaotengeneza kitu kipya, anzeni na skramu ya wiki mbili. Mnaopokea simu za matatizo kutwa, chukueni kanbani, maana mteja ambaye risiti hazitoki hasubiri sprinti ijayo. Kutoka XP, kila mtu aibe anachoweza kubeba.

Nani awe mwenye bidhaa?

Anayeweza kusema "hili kwanza, lile baadaye" bila kwenda kuuliza ghorofa ya juu. Skramu inataka awe mtu mmoja, si kamati. Ofisi zetu nyingi humpa cheo hicho kijana ambaye hana kazi nyingi wiki ile. Kila swali analibeba kwa mukubwa, kila jibu linarudi baada ya siku nne. Mjumbe hauawi, sawa, lakini mjumbe pia haamui. Kama mwenye uamuzi ni mkuu wa ghala, basi mkuu wa ghala akae nasi saa mbili kwa wiki, na tukubaliane kwamba saa hizo ni kazi yake, si hisani.

Papa DG, mkurugenzi mkuu, anataka bei na tarehe kabla ya kuanza. Tumjibu nini?

Msimwambie kwamba ajaili haina tarehe. Fedha zinatoka kwake, ana haki ya kuuliza, na jibu la namna hiyo limezika miradi mingi mizuri. Badilisheni kile kinachofungwa: tarehe ifungwe, bei ifungwe, orodha ya kazi ibaki wazi.

Mikataba yetu ya siku hizi ina vifungu vitatu tunavyovipigania kuliko vingine. Malipo ni ya kila mwezi, baada ya programu kuonekana ikifanya kazi kwenye kompyuta ya mteja, si kwenye yetu. Jambo jipya linaweza kuingia wakati wowote, ilimradi lenye ukubwa huohuo ambalo halijaanzwa litoke. Na kila upande unaweza kusimama mwisho wa mwezi wowote, mteja akibaki na kila kilichokamilika pamoja na msimbo wake. Kifungu hiki cha tatu wenzetu wengi wanakiogopa. Mimi nimeona kinatuliza wateja kuliko ahadi yoyote, kwa sababu hapa mjini kila mtu ana ndugu aliyelipa nusu ya fedha kwa fundi asiyeonekana tena.

Kwenye zabuni za serikali au za mashirika makubwa uhuru huo haupo. Bei nzima huandikwa siku ya kwanza. Kubalini, halafu ndani ya mkataba huohuo onyesheni kazi kila wiki mbili. Sijakutana na mkataba unaokataza kuonyesha.

DG akiuliza kwa nini orodha iachwe wazi, mkumbusheni mwaka 2015. Nchi yetu ya Kongo ilitoka majimbo 11 ikawa na 26, na Katanga ikagawanyika nne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kila programu ambayo orodha ya majimbo ilikuwa imepigiliwa misumari ndani ya msimbo ilibidi ipasuliwe. Na hilo halikuwa la kushtukiza, lilikuwemo kwenye Katiba ya 2006. Jambo tulilijua miaka tisa, siku yake ndiyo hatukuijua.

Kazi kubwa tunaikata vipi? Kila kitu kwetu kinaonekana kimeshikana.

Hapa ndipo timu nyingi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukua shule ya binafsi inayotaka kupokea minervali, yaani ada, kwa kompyuta. Prefe, mkuu wa shule, anasema anataka "mfumo wa malipo". Hiyo si kazi, huo ni mwaka. Tulianza kwa sentensi moja: mhasibu anataka kuandika malipo ya mzazi na kumpa risiti, ili foleni ya Jumatatu iishe kabla ya mchana.

Kipande cha kwanza kilikuwa dola taslimu tu. Jina la mtoto, kiasi, risiti. Hakuna faranga, hakuna simu, hakuna ripoti. Mama mhasibu akakitumia kwa darasa moja, huku daftari lake likiwa wazi pembeni kwa usalama wa roho yake. Kipande cha pili kikaleta faranga za Kongo, kiwango cha siku akikiandika mwenyewe kila asubuhi. Siku ya pili tu tukagundua kitu: mzazi hulipa sehemu kwa dola na sehemu kwa faranga katika malipo yaleyale, na chenji ya noti ya dola hurudi kwa faranga. Nani hajui hilo Lubumbashi? Ukimuuliza sokoni kila mtu anakujibu. Tulipoulizana ofisini, juu ya karatasi, hakuna aliyelikumbuka. Kipande cha tatu kikaleta M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, lakini kwa kuandika namba ya muamala kwa mkono. Kuunganishwa moja kwa moja na kampuni za simu kulisubiri, kwa kuwa kuna makubaliano ya kutia sahihi na hayaendi kwa mwendo wetu. Cha nne ndicho alichokitaka prefe tangu siku ya kwanza: orodha ya wasiolipa.

Angalieni tusivyofanya. Hatukujenga hifadhidata yote kwanza, kisha skrini zote, kisha ripoti zote. Ukikata hivyo, miezi mitatu inapita mhasibu hana cha kugusa. Bukari, ugali wetu, huliwa kwa tonge, na ndani ya tonge moja mna bukari na sombe (majani ya muhogo) pamoja. Hakuna anayemaliza bukari yote ndipo ahamie sombe.

Kipimo ninachotumia: kama kipande hakiwezi kuonyeshwa kwa mtu ambaye si mtaalamu wa kompyuta akasema "ndiyo" au "hapana", bado hakijakatwa vizuri.

Kikao cha kusimama kila asubuhi si kupoteza muda?

Waliofanya kazi mgodini wanakijua tayari. Kabla ya zamu kuna robo saa ya usalama: watu wamesimama, kofia kichwani, nani yuko wapi leo, hatari ni ipi, basi. Skramu nayo inatoa dakika 15. Kinachokiua kikao hiki ni kugeuka ripoti kwa mukubwa. Utakijua kimekufa watu wanapoongea wakimtazama mtu mmoja. Nasi tulipofika hapo tulimwomba kiongozi wa timu asimame nyuma ya wenzake, ubao ukiwa mbele, na macho yakahamia kwenye ubao. Ni hila ndogo, lakini ilitusaidia.

Asiwepo wa kuuliza "umefanya nini jana?" kama mwalimu. Swali zuri ni: kadi hii iliyo karibu zaidi na kumalizika, imekwama wapi?

Mukubwa akiwa ndani hakuna anayesema ukweli. Tufanyeje?

Kwa maoni yangu hili ndilo swali lenyewe, na mengine ni matawi yake. Waweza kununua programu ya ubao, kufunza watu skramu wiki nzima, ukaweka vikao vyote kwa saa zake. Kama mtu anaogopa kusema "nimekwama" mbele ya mkubwa wake, umefanya maigizo. Habari mbaya itakuja, ila itakuja baada ya miezi minane, kama kwenye lile ghala.

Tumelelewa tusimkatalie mtu mzima mbele za watu, na mimi siamini kwamba dawa ni kuwageuza watu wa Lubumbashi kuwa watu wengine. Heshima ibaki, tunachopanga upya ni nani anakaa kikao gani na nani anaanza kusema.

Kwenye kikao cha kuonyesha kazi, DG aje, na aje na anayetumia programu. Kwenye kikao cha timu kujitazama, DG asije, hata kwa wema. Humo kila mtu kwanza anaandika kimya kwa dakika tano, kadi bila jina: kilichotusaidia, kilichotuumiza, cha kujaribu. Kisha kadi zinasomwa na mtu mmoja. Mdogo kabisa, hata kama ni mwanafunzi wa mafunzo kutoka UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, anatangulia kutoa maoni, kwa sababu mkubwa akishasema, mdogo hatasema tofauti. Tunatoka na jambo moja tu la kubadilisha. Timu inayotoka na mambo tisa haitabadilisha hata moja.

Halafu kuna kazi ya mukubwa mwenyewe, ambayo hakuna anayeweza kumfanyia. Siku ya kwanza mtu atakapomletea habari mbaya mapema, ofisi nzima itakuwa inamtazama. Akifoka, imekwisha, atasubiri mwaka mwingine kuisikia nyingine. Namkumbuka mama mmoja, mkurugenzi wa kampuni ya usafirishaji, aliyeambiwa wiki ya tatu kwamba hesabu ya mafuta ya malori haitawahi tarehe. Alikaa kimya, akauliza: "Ningejua lini kama msingesema leo?" Wakamjibu: Desemba. Akawaagizia Fanta. Wahenga walishasema mficha uchi hazai, na sijapata mafunzo ya uwazi yanayofupisha zaidi ya hapo.

Umeme unakatika, intaneti inaondoka. Ajaili itawezekana?

Inawezekana kuliko ile njia nyingine, maana kipande cha wiki mbili hupotea kidogo pale ambapo mpango wa mwaka hupotea wote.

Tumieni ubao wa ukutani, wa karatasi. SNEL, shirika la umeme, ikikata, karatasi haizimiki. Msimbo uwekwe kwenye Git, programu ya kutunza msimbo na mabadiliko yake, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 na ambayo kila kompyuta hubeba historia nzima ya kazi; unaandika na kuhifadhi bila intaneti, ukiipata unasukuma. Na msikadirie kazi kwa saa za siku ambayo umeme upo. Hesabuni kadi mlizomaliza sprinti nne zilizopita, giza likiwemo ndani yake. Namba hiyo ina jenereta, ina mvua ya Januari, ina siku ambayo mtu alikuwa msibani. Ni namba ya kweli ya timu yenu.

Wateja walio mgodini, ambako seva imefungiwa ndani na haina njia ya nje, wana taabu yao. Lubumbashi hadi Kolwezi ni kilomita kama 300, na kwenda kila wiki mbili kubadilisha toleo kunakula faida. Sisi huenda mara moja kwa mwezi, na kila wiki mbili hutuma video fupi kwa WhatsApp, mtumiaji akitujibu kwa sauti. Si sawa na kukaa naye. Ni bora kuliko ukimya.

Nusu ya timu iko Kinshasa. Kuna la kuzingatia?

Lubumbashi iko saa moja mbele. Andikeni 09:00 ya Lubumbashi, 08:00 ya Kinshasa, kwa tarakimu, kila mara. Ukisema "saa tatu" kwa mtu anayefikiri kwa Kifaransa, atakutafuta alfajiri.

Mradi umechelewa. Tuongeze watu?

Hapana. Fred Brooks aliliandika mwaka 1975: kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi. Watu wanne wana njia sita za kuzungumza wawili wawili. Wanane wana njia 28. Wageni wanafundishwa na walewale waliokuwa wamechelewa. Punguzeni orodha.

Tunakwenda haraka lakini kila tukirekebisha hapa, kule kunavunjika.

Hapo hamjachukua ajaili yote, mmechukua kalenda yake. Kubadilisha programu kila wiki mbili bila majaribio yanayojiendesha yenyewe ni kupanda baiskeli isiyo na breki kwa kuwa mlima bado haujafika.

Msijaribu kuandika majaribio ya mfumo mzima wa zamani kwa mkupuo. Mtachoka wiki ya pili. Kila dosari inayoletwa na mteja, andikeni kwanza jaribio linaloionyesha, kisha irekebisheni. Baada ya miezi michache mtakuwa na uzio mahali hasa ng'ombe wanapopitia. Kwa kazi ya fedha, anzeni na mahesabu: TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, ubadilishaji wa faranga, na kukadiria senti hadi namba kamili, maana tofauti ya faranga 50 mara risiti elfu moja ni kesi ya mtu kuitwa mwizi. Na kubalianeni neno "imekwisha" lina maana gani. Kwetu, kadi imekwisha pale mtu mwingine ameisoma, majaribio yamepita, na mtumiaji ameigusa. "Imebaki kidogo tu" maana yake haijakwisha.

Tunahitaji vyeti?

Kwa kutafuta kazi, labda. Lile jaribio la ngazi ya kwanza la Scrum.org, mmoja wa watoaji wa vyeti vya skramu, lina maswali 80 kwa dakika 60, na kufaulu ni asilimia 85. Mtu mwenye kumbukumbu nzuri anafaulu bila kuwahi kukaa na mteja mkali. Mwongozo rasmi wa skramu ni wa bure, toleo la 2020 halifiki kurasa 15, na upo kwa Kifaransa. Usomeni pamoja mchana mmoja, mbishane. Fedha ya vyeti nunueni betri.

Tumesikia habari za Spotify, kampuni ya muziki mtandaoni, na vikosi vyake, yaani timu zake ndogo. Tuige?

Andiko la Henrik Kniberg na Anders Ivarsson la mwaka 2012 lenyewe lilisema ni picha ya jinsi walivyokuwa wakifanya kazi wakati ule, safari ikiendelea. Kuiga picha ya mtu aliye njiani ni kubaki umesimama pale alipopigwa picha.

Kuna mahali ajaili haifai?

Kuna mahali haina la kufanya. Kama unachotaka ni uhasibu wa kawaida wa OHADA (sheria za biashara tunazotumia pamoja na nchi nyingine za Afrika), nunua programu iliyopo, usitengeneze. Kama kazi ni kengele ya hatari ndani ya mgodi, huwezi kumpa mchimbaji kipande kisichokamilika ukamwambia "tuone". Hapo uchambuzi wa hatari hutangulia, sheria hutangulia, na vipande vidogo hujaribiwa juu, mbali na watu. Pia pale ambapo mteja hataki kabisa kuonekana mpaka siku ya kukabidhi. Tumewahi kukataa kazi ya hivyo. Tumewahi pia kuikubali, mwezi ambao kodi ya nyumba ilikuwa imefika, na ikatokea kama ilivyotarajiwa.

Tutajuaje kwamba inafanya kazi?

Si kwa idadi ya vikao. Hesabuni siku kati ya mtu kuomba kitu na mtu huyo kukitumia. Kuna kanuni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961, rahisi kama hesabu ya duka: gawanya kazi zilizo wazi kwa kazi mnazomaliza kwa wiki. Mna kadi 12 wazi na mnamaliza 3 kwa wiki? Kadi ya kawaida itachukua wiki 4. Fungueni 6 tu kwa mwendo uleule, inachukua wiki 2. Hakuna aliyeongeza bidii. Mmeacha tu kuanza vitu. Timu nyingi hapa huona aibu kuwa na mtu aliyekaa bila kadi mpya, na aibu hiyo ndiyo huwachelewesha.

Kipimo changu cha pili hakiingii kwenye Excel: habari mbaya ya mwisho mliyoipata, aliyeijua wa kwanza aliijua lini, nanyi mkaambiwa lini? Andikeni hizo tarehe mbili. Zikianza kukaribiana, mko njiani.

Kadi ziandikwe kwa lugha gani?

Ile ambayo mtumiaji anagombana nayo. Kwetu kikao ni Kiswahili cha Lubumbashi, kadi zina Kiswahili na Kifaransa vimechanganyika, na jina la kitufe ni lile analoliita mhasibu, hata kama linamuudhi mwalimu wa sarufi.

Na lile ghala, liliishia wapi?

Huulizwa kila tukiisimulia. Tulirudi baada ya miezi kadhaa, kwa fedha kidogo, na safari hii wawili wetu tulikaa ghalani usiku tatu mfululizo. Tuliona mengi: taa hafifu, glavu ambazo haziwezi kugusa skrini, na mtunza ghala aliyekariri namba za vipuri kuliko orodha yetu. Wiki ya pili tukampelekea skrini moja tu, ya kutoa mali, siku ikifuata zamu badala ya saa sita usiku. Aliitazama, akabonyeza mara tatu, akasema: "Iko muzuri. Lakini mutu akirudisha kipuri, anabonyeza wapi?"

Hapakuwa na mahali pa kubonyeza. Tulikaa palepale, juu ya sanduku la mikanda ya feni, tukaichora kwenye mgongo wa karatasi ya kurasa 74.